Mzee Bomba na Nyanya za Bondeni

Wafiwa wenzangu, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Bomba kwa sababu ya bomba la dawa ya wadudu lisilobanduka mgongoni mwake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, hapa hapa bondeni, akasoma hadi darasa la saba, kisha akashika jembe la baba na kugeukia nyanya. Mwaka 1985 alimwoa shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa binti mmoja, na baadaye mjukuu.

Nyanya zake hazikuwa na doa, wachuuzi walizigombania, naye alinyunyiza leo na kuchuma kesho, bila barakoa wala glavu, akitania kwamba wadudu wanamwogopa kuliko anavyomwogopa mkewe. Vyura walinyamaza mferejini, nyuki wakahama, nasi tukaona ni kawaida.

Tarehe 12 Juni 2015 mjukuu wake alichukua nyanya kwenye tenga, akaila bila kuiosha, na kabla jua halijatua alikuwa akitokwa povu mdomoni. Hospitalini daktari aliuliza, "Dawa ilipigwa lini?" Kaka akajibu, "Jana," akaketi sakafuni. Mtoto alipona, lakini babu yake hakuwa tena yule yule. Alimfuata bwana shamba, akajifunza kusoma kibandiko cha chupa, kuvaa kinga, na kuziacha nyanya shambani hadi sumu iishe, hata wachuuzi walipomkimbia kwa sababu ya madoa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wenzake. Baadhi walimsikia, wengine wakasema Bomba kazeeka.

Mwaka 2021 mikono ilianza kutetemeka, kisha figo zikagoma, na madaktari hawakutuficha kwamba sumu aliyoivuta miaka yote ile huenda ndiyo iliyokuwa ikimla. Kila harufu ya dawa ilipovuka kutoka mashamba ya ng'ambo ya bonde alimwambia mkewe, "Mama, funga dirisha," kisha akauliza watoto wa huko wanakula nini. Alitutoka Jumanne alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, bwana shamba, wakulima wenzake, na ninyi majirani mlioweka mabomba chini leo kwa heshima yake. Lori la soko linakuja kesho, na matenga ya nyanya tumeyaona yamepangwa barabarani, yamejaa; kaka angeuliza dawa ilipigwa lini.

Kaka, umechoka, pumzika salama.