Mwalimu Natalia Basil Tluway, Aliyerudi Shule kwa Ajili ya Mjukuu

Ndugu mnaoomboleza pamoja nasi, wakubwa shikamooni, wadogo poleni. Mimi ni Aniceti, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake na imenionya nisiongeze chumvi. Nitajitahidi, ingawa dada yetu mwenyewe alikuwa na chumvi ya kutosha.

Mwalimu Natalia Basil Tluway alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Dongobesh, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Basil Tluway na marehemu Mama Maria. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw tu. Kiswahili alikikuta shuleni akiwa na miaka minane. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza Natalia aliporudi kutoka shuleni alianza kumfundisha ndama kuhesabu mpaka kumi, na ndama alipokaa kimya akaitwa mzembe. Aliyefuata katika darasa hilo baada ya ndama ni mimi.

Alisoma elimu ya msingi Dongobesh kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari hadi 1972, kisha akaenda Chuo cha Ualimu Marangu, ambako alihitimu mwaka 1975. Januari 1976 alipangiwa kazi hapa Babati, wakati ule ikiwa bado Mkoa wa Arusha, na hapa ndipo alipofundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minane hadi alipostaafu Machi 2014. Wengi mliokaa chini ya turubai hili mmepita mikononi mwake. Mnakumbuka vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni. Aliyekosea wakati uliopita aliandika sentensi yake mara hamsini, na mara ya hamsini ilisomwa kwa sauti mbele ya darasa. Diwani mmoja, simtaji, alifika mara mia mbili kwa wiki.

Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na Bwana Kasimiri Hhando, fundi wa matrekta, mtu mpole ambaye alijua kunyamaza mke wake anaposahihisha madaftari. Waliishi hapa Maisaka kwa amani hadi Bwana Kasimiri alipofariki mwaka 2009. Mungu aliwajalia watoto wawili: Ludovick, aliyezaliwa 1980, na Zawadi, aliyezaliwa 1984. Zawadi alikuwa akifanya kazi Arusha alipokutana na Álvaro, mhandisi wa visima kutoka Hispania. Wakafunga ndoa mwaka 2012, wakahamia mji wa Zaragoza, na mwaka 2014 wakapata mtoto wa kike. Wakampa jina la bibi yake, Natalia.

Novemba 2018 Zawadi aliugua ghafla akafariki hukohuko Hispania, mtoto akiwa na miaka minne. Sitasema mengi. Waliokuwepo mnajua hali ya dada yetu. Kiswahili kidogo ambacho mtoto alikuwa amefundishwa na mama yake kilianza kupotea. Kiingereza alijua majina ya rangi tu. Baba yake naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chapati. Kila Jumapili saa nane mchana simu ilipigwa kwa picha, bibi na mjukuu wakatazamana, wakapungiana mikono, na baada ya hapo hapakuwa na la kusema.

Mimi nilishauri mtoto ndiye ajifunze Kiswahili. Natalia alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa mstarini. "Nani amfundishe, Aniceti? Aliyekuwa anamfundisha tumemzika. Zawadi nimempoteza mara moja. Nikishindwa kuzungumza na mtoto wake, nitakuwa nimempoteza mara ya pili." Januari 2019, akikaribia miaka sitini na mitano, dada yetu alianza Kihispania.

Kitabu alinunuliwa na Ludovick Arusha, na kilikuwa cha kumfundishia Mwingereza. Yaani mama wa watu ilibidi kwanza awe Mwingereza ndipo awe Mhispania. Lakini weee, alikifurahia! Mwandishi alilalamika kurasa sita kwamba kitenzi cha Kihispania hubadilika kwa kila mtu: hablo ni nasema, hablas ni unasema, habla ni anasema. Natalia akacheka mpaka akavua miwani. "Hili ndilo linawaliza? Sisi mtu tunambeba ndani ya kitenzi tangu kuzaliwa. Ila sisi tunampakia mbele, wao wanamfunga mkiani." Kitabu kilipoonya kwamba majina yao yana jinsi mbili, akasema, "Mbili tu? Waje waone ngeli."

Nyumba nzima ilibandikwa karatasi: mlango, sufuria, ndoo, na jogoo mmoja aliyekubali kwa nusu saa. Meza haikuhitaji karatasi, kwa kuwa kwao ni mesa. Mzee Mikidadi, mwenye duka la hapo jirani, alipoombwa kilo ya azúcar hakushangaa hata kidogo. "Mwalimu, hiyo ni sukari. Wameiongezea pua tu," akamjibu. Tangu siku hiyo alimpokea kila asubuhi kwa hola, yaani hujambo, na Natalia alimtaja Mikidadi kuwa mwanafunzi wake bora, jambo ambalo mimi, ndugu wa damu, sikuambiwa kamwe.

Makosa alifanya, tena mbele yangu. Siku moja alinivuta kwenye simu anitambulishe, akajisahau katikati ya sentensi: "Este es mi kaka," yaani huyu ni kaka yangu. Mtoto aliangua kicheko akatoweka kwenye picha. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti. Baadaye Álvaro alitueleza kwa aibu kwamba kwao neno kaka ni haja kubwa, na hasa ya mtoto mdogo. Natalia aliomba radhi kwa Kihispania fasaha. Mimi hadi leo hakuna aliyeniomba radhi.

Sasa nisimulie hili moja, na mwanawe Ludovick ameniruhusu. Mwaka 2021 nilikichukua kile kitabu mezani nikaona jambo. Kurasa zote zilikuwa na mafuta ya taa, chai na alama za kalamu, isipokuwa sura ya tisa hadi ya kumi na moja. Zile zilikuwa safi kama zimetoka dukani. Nikamtania, "Mwalimu umeruka masomo?" Akaninyang'anya kitabu: "Aniceti, usinichokoze." Lakini nilikuwa nimeshaangalia vizuri kabla hakijaondoka mkononi. Zilikuwa sura za wakati uliopita. Mwanamke aliyetuandikisha wakati uliopita mara hamsini hamsini alikuwa akizungumza na mjukuu wake miaka miwili bila kuugusa.

Haikupita mwezi, Jumapili moja, mtoto akiwa na miaka saba aliuliza kama mama yake alikuwa akiimba. Natalia akajibu haraka: "Sí, tu mamá canta muy bien." Ndiyo, mama yako anaimba vizuri sana. Kisha mtoto akasema polepole, bila kumcheka, kama anavyosemeshwa mtoto mdogo: "Cantaba, abuela." Alikuwa akiimba, bibi.

Dada yangu aliilaza simu juu ya meza, kamera ikabaki ikitazama dari. Nilikuwa kwenye benchi pale pale. Akalia kilio ambacho hakukilia hata siku tulipopokea habari. Mtoto hakukata simu. Alisubiri, na bibi aliposhika simu tena, akarudia: "Cantaba." Bibi akaitikia: "Cantaba." Wakasema mara nyingi. Sikuhesabu.

Wiki hiyo alifungua sura ya tisa. Alinieleza kwamba Wahispania wana nyakati zilizopita mbili, na hapo ndipo Mwingereza anapochanganyikiwa. Upo wa jambo lililotendeka likaisha, na upo wa jambo lililokuwa likiendelea, ambalo haisemwi liliisha lini. Akamweka Zawadi kwenye huo wa pili. Kwa miaka minne iliyofuata mtoto alisimuliwa kwamba mama yake alikuwa akiwaogopa bata, alikuwa akificha mahindi ya kuchoma chini ya kitanda, alikuwa akiwaimbia ng'ombe nyimbo za kwaya ili wasimpige teke. Ule wakati wa kwanza, wa jambo lililoisha, Natalia aliutumia kwa Zawadi mara moja tu, mtoto alipotaka kujua siku yenyewe. Leo mtoto huyo anamfahamu mama yake kuliko watu wengi waliolelewa na mama zao. Nasema hivyo bila chumvi.

Tangu Mei 2024 Mwalimu Natalia alisumbuliwa na shinikizo la damu, na baadaye figo. Alitibiwa hapa Babati na Arusha. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo sista mmoja aliyeniita pembeni akihofu mgonjwa anaweweseka kwa maneno yasiyoeleweka. Nilimwambia, "Hapana sista, anafanya zoezi." Alifariki dunia Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 71, miezi saba na siku nane. Mwanawe Ludovick alikuwa amemshika mkono.

Jana mchana Álvaro na binti yake walifika kutoka uwanja wa ndege. Mtoto alishuka kwenye gari, akapita katikati ya akina mama waliotaka kumkumbatia, akaja moja kwa moja kwangu, akaniuliza: "¿Dónde está la abuela?" Bibi yuko wapi? Miaka sita nimekaa barazani nikijifanya sisikilizi, na nilielewa kila neno. Nilimshika mkono nikamwingiza sebuleni. Alisimama kando ya jeneza muda mrefu, akizungumza na bibi yake kwa sauti ya chini, mambo mengi, na hakuna aliyemtafsiria mtu.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Ludovick, na mkewe Blessing. Wajukuu wanne, Basil, Maria, Kasimiri na Natalia. Mkwe wake Álvaro. Wadogo zake wawili, mimi na Paulina. Na wanafunzi ambao idadi yao anaijua Mungu.

Ee Bwana, mpokee Mwalimu, umpumzishe kwa amani. Umkutanishe na Zawadi wake, wakae kivulini, wazungumze Kiiraqw, bila kitabu.