Nashon Ogutu Were, Aliyetaka Lango Upande wa Juu

Mchungaji, wazee wa kanisa, Mama Caren na watoto, ndugu zetu mliotoka Kano, majirani wa Riruta, na ninyi wakubwa wa idara yetu mlioketi mstari wa pili, nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Mimi ni Shem Were, mdogo wake marehemu, tumetoka tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake leo Alhamisi, tarehe 26 Mei 1977, kabla hatujaanza safari ya kumrudisha nyumbani. Karatasi niliyopewa na shemeji yangu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, jana nimeongeza kurasa mbili kwa mkono wangu, hakuna mtu aliyeziona, na ninaomba mnivumilie mpaka nifike mwisho.

Marehemu Nashon Ogutu Were alizaliwa tarehe 14 Machi 1935 katika uwanda wa Kano, karibu na Ahero, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Were na marehemu mama yetu Dorsila. Ninyi mnaotoka Kano hamna haja ya kuelezwa habari za maji, ila kwa majirani wa hapa niseme kwamba kwetu mto haukai mtoni, mvua ikizidi huja mpaka mlangoni. Mwaka wa 1942, Nashon akiwa na miaka saba, mto ulifurika alfajiri, watu wakakimbilia mwinuko, ng'ombe wakubwa wakawafuata, lakini ndama wanne walikuwa wamefungwa kwenye vigingi zizini na katika kukimbia kule hakuna aliyekumbuka kuwafungua. Nashon aliwaona wakifa. Hakupenda kuizungumzia siku ile, ila mara chache alipoizungumzia alisema kwamba wale ndama waliijua njia ya kwenda juu, walikuwa wanaitazama, na kilichowaua kilikuwa kamba.

Alianza masomo Januari 1944 katika shule ya misheni karibu na nyumbani, akaendelea mpaka darasa la nane, akafanya mtihani wake mwezi wa Novemba 1951, akafaulu vizuri, hasa hesabu. Hakuendelea zaidi kwa sababu baba alikuwa mgonjwa, akakaa nyumbani akilima mpunga kwa miaka miwili, na Januari 1954 akaja Nairobi.

Tarehe 3 Mei 1954 aliajiriwa kuwa msoma maji, yaani mtu wa kutembelea zile mbao zenye namba za futi zilizosimikwa mitoni, asubuhi na jioni, jua na mvua, na kuandika maji yamefika wapi. Wengine waliiona ni kazi ya kuchekesha, mtu mzima kulipwa kwa kutazama ubao, lakini Nashon aliifanya miaka kumi na saba bila kukosa siku hata moja isipokuwa siku ya harusi yake, na hata siku hiyo alimtuma mtu. Mvua kubwa za mwaka 1961 ziliposhuka, alitembea kwa miguu kutoka Kangemi mpaka Ngara akiwa na mkebe wa rangi nyekundu, akachora mstari kwenye kila nguzo ya daraja, kila mti na kila ukuta mahali maji yalipofika, ili watakaokuja kujenga waone. Mistari mingine bado ipo, na chini yake watu wamejenga.

Tarehe 17 Desemba 1960, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Peres Ajwang, na wazee waliokuwepo watakumbuka kwamba kibanda cha harusi kilihamishwa mara tatu kwa sababu bwana harusi hakuridhika na mteremko wa uwanja. Walianza maisha katika chumba kimoja Ngara, lakini baada ya mvua za 1961 alikataa kulala tena karibu na mto, akamhamisha mke wake na mimba ya miezi mitano mpaka hapa Riruta, na shemeji alikuwa akitutania kwamba ameolewa na mtu anayechagua nyumba kwa kumwaga maji sakafuni ili aone yatakimbilia wapi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Caren aliyezaliwa Aprili 1962, Ochola aliyezaliwa Septemba 1965, na Akumu aliyezaliwa Februari 1970. Mtoto wa nne nilikuwa mimi, kwa maana alinileta Nairobi mwaka wa 1959, akanisomesha, na mwaka wa 1964 akanitafutia kazi ya ukarani katika idara hii ambayo leo sote tunaitumikia.

Mwaka wa 1971 alihamishiwa upande wa wanyama. Zaidi ya Riruta, kama wengi mnavyojua, iko ile hifadhi ndogo ya kinamasi cha Gitumbi, ekari tisini za matete na miti, iliyozungushiwa waya wa futi nane mwaka wa 1968 ili wanyama wasiingie mashambani, na ndani yake walikuwamo tohe, wale swala wa majani marefu, na pongo, na fisi maji, na korongo wenye mashada kichwani wanaotaga mayai katikati ya matete. Agosti 1974 aliagizwa achunguze, maji makubwa kama yale ya 1961 yakirudi, ni nini humo kitapona na ni nini kitakufa. Kazi hiyo aliifanya mwaka mmoja na nusu, pamoja na Bwana Musembi, askari wa hifadhi, ambaye tunaye hapa na ambaye alimwita Bwana Futi tangu siku ya kwanza. Walipima kila mwinuko, waliwahesabu wanyama asubuhi baada ya asubuhi, na kwa kila mnyama Nashon aliandika swali lilelile, maji yakija huyu atapanda wapi. Jibu lake kwa tohe lilikuwa kwamba tohe ataelekea kaskazini, kwenye ardhi ya juu, kama mnyama yeyote mwenye akili, na huko atakuta waya. Kwenye ramani alitia alama ya msalaba mahali watakaposongamana, akaandika kwamba kati ya tohe arobaini na wawili watakufa thelathini, na akaomba kitu kimoja tu, lango la yadi kumi upande wa juu, la kufunguliwa wakati wa masika na kulindwa na askari. Hakuomba zaidi ya hilo.

Ripoti yake ya kurasa thelathini na nne ilipokelewa mjini, ghorofa ya tatu, tarehe 9 Machi 1976, na niliyeipokea na kuitia kwenye faili ni mimi. Hapa ndipo karatasi ya shemeji inapoishia habari ya kazi, na kurasa zangu zinapoanza.

Ardhi ya juu ya kinamasi ina bustani za watu wenye majina, na mkubwa wetu hakutaka kwenda kuwaambia kwamba swala watapita kwao, kwa hiyo aliandika kwenye faili iletwe tena mezani kwake tarehe 1 Februari 1977, na katika ofisi hiyo ndiyo njia ya heshima ya kusema si leo. Sisi makarani tuna daftari kubwa la tarehe, kila faili inayotakiwa kurudi huandikwa kwenye siku yake, asubuhi karani hufungua daftari na kupeleka faili za siku hiyo, na isiyoandikwa hairudi, hukaa rafuni mpaka ishike vumbi. Mwaka ukiisha, karani hunakili tarehe za mwaka ujao kwenye daftari jipya. Mwezi wa Desemba mkubwa alinisimamisha kwenye korido, akaniambia, "Shem, hiyo faili ya brother yako ikirudi kwa meza yangu, mimi na wewe tutakosana." Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Ijumaa tarehe 31 Desemba 1976 nilinakili daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, na nilipofika kwenye mstari wa faili ya Gitumbi niliuruka.

Februari, Nashon alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, akanywa chai, akaniuliza kama faili imetoka. Nilimwambia iko kwa mkubwa, avumilie. Bwana Musembi ameniambia juzi, naye hakujua kwamba anamwambia aliyeuruka mstari ule, kwamba marehemu alikuwa ameapa kwamba Machi ikifika bila jibu atakwenda kukata ule waya yeye mwenyewe na afukuzwe kazi, lakini akaghairi, akasema mdogo wake amemhakikishia kwamba jibu linakuja. Tarehe 1 Machi nilipandishwa cheo, na aliyenunua soda za kunipongeza ni yeye.

Jumamosi tarehe 23 Aprili 1977, baada ya mvua ya siku tatu, Bwana Musembi alifika hapa kwa baiskeli kukipambazuka, wakaondoka wote wawili na koleo za kukatia waya. Maji yalikuwa yamefika kwenye mstari wa 1961 na kuupita kwa kiganja. Wanyama walikuwa kaskazini, palepale penye alama ya msalaba, wamebanana kwenye waya, walio nyuma wakiwapanda walio mbele, na Nashon aliingia majini mpaka kifuani, akakata waya kwa saa sita, akiwasukuma waliobaki hai kwa mabega yake. Walitoka tohe kumi na mmoja. Matete yote yalizama, na mayai ya korongo yalichukuliwa, hakikubaki kiota hata kimoja. Maji yalipopungua alitoa daftari lake, akahesabu mizoga, akamwambia Bwana Musembi, "Thelathini na moja. Nilikosea kwa mmoja, andika."

Tarehe 3 Mei alishikwa na homa, macho yakawa ya manjano, tarehe 8 akalazwa, na madaktari wakatueleza kwamba ni ugonjwa unaopatikana katika maji yaliyochafuliwa na wanyama, nao ulikuwa umeshaingia kwenye figo. Idara ilikuwa imeuliza faili ilikwama wapi, nami nilikuwa nimeandika barua kwamba nilisahau, na barua hiyo ilikubaliwa upesi sana. Jumatano tarehe 18 Mei, Nashon aliwaomba wengine watoke nje, akaniuliza, "Ulisahau?" Nikamwambia nilisahau. Akasema, "Basi waambie hivyo," akageukia ukutani, na hakunisemesha tena. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Mei 1977, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Sikusahau. Nimekuja kulisema neno hilo mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye nilimnyima akiwa na masikio ya kulisikia, na ninajua alikuwa anajua. Mama Caren, ulinipa karatasi hii kwa kuniamini, ukitaka kuninyang'anya heshima ya kutupa udongo wa kwanza kaburini kesho kule nyumbani una haki, sitabishana nawe. Watoto, baba yenu hakufa kwa bahati mbaya, alifuata wanyama ambao wangekuwa wameshapita zamani, kama mstari mmoja ungeandikwa na mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, nawashukuru majirani wa Riruta waliotuletea kuni, unga na pole, kanisa kwa maombi, wafanyakazi wenzake, na zaidi ya wote Bwana Musembi, ambaye hata juzi alikwenda kuwaangalia wale tohe kumi na mmoja. Ameniambia kwamba wamerudi kinamasini kwa sababu hawana kwingine, na kwamba wiki iliyopita waya umeunganishwa upya, upande uleule, bila lango. Mvua za vuli zinaanza Oktoba.

Wakubwa wangu wa mstari wa pili, kazi mtanifukuza na nimeshafunga vitu vyangu. Lakini asubuhi hii nilipita ofisini kabla hamjafika, nikaitoa faili rafuni, nikaipangusa vumbi, nayo ndiyo ile iliyo juu ya jeneza, chini ya maua, imefunguliwa ukurasa wa kumi na tisa wenye ramani. Mtakapopita kumuaga mtaiona, na kila mtu aliye hapa atawaona mkiiona.

Kaka, nimechelewa miezi minne. Faili yako nimeileta. Pumzika kwa amani.