Mtungi wa Bi Turkiya na Mspania Aliyefunikwa

Asalaam alaykum, mama zetu, dada zetu na majirani mliokaa nasi hapa Ibra hata leo, siku ya tatu ya msiba huu. Historia ya marehemu inasomwa nami, Badriya, binti yake mkubwa, kwa niaba ya familia, na imeandikwa kama marehemu mwenyewe alivyousia, pamoja na lile ambalo familia ingependa kulinyamazia.

Bi Turkiya binti Khalaf alizaliwa tarehe 12 Machi 1938, Kikwajuni, Unguja, akaanza skuli mwaka 1946, akamaliza masomo ya ualimu mwaka 1957, na huko chuoni mwalimu wake wa kuchora akampa kitabu cha picha za Velázquez, mchoraji wa Kispania aliyefariki karibu miaka mia tatu nyuma. Humo mlikuwa na picha ya muuza maji na mtungi wake mkubwa, matone yakiteremka ubavuni, na Bi Turkiya aliipenda mno picha ile, akawa haishi kuifungua.

Mwaka 1961 aliolewa na Bwana Hamdun bin Mahrous, wakajaaliwa watoto wawili, Badriya, aliyezaliwa mwaka 1962, na Harub, aliyezaliwa mwaka 1966 huko Mombasa, walikohamia baada ya yaliyotokea Unguja. Novemba 1972 wakaja Oman, na mwaka uliofuata Bi Turkiya akaanza kufundisha kuchora katika skuli ya wasichana hapa Ibra. Wazee wa siku zile hawakutaka picha za watu darasani, kwa hivyo alibandika karatasi juu ya muuza maji na kijana anayepokea maji, akalifunika na jina la mchoraji, ukabaki mtungi peke yake.

Kwa mtungi ule wasichana walijifunza namna mwanga unavyopiga kitu kutoka upande mmoja na kiza kinavyokaa nyuma yake, wakaenda kuchora mitungi ya udongo ifinyangwayo Bahla, iliyokuwa majumbani kwao, na wazazi wakaanza kusema huu ndio mkono wa Bi Turkiya. Mwanzo alinyamaza kwa kuogopa maneno ya watu, baadaye alinyamaza kwa sababu sifa zilimnogea, na ni yeye mwenyewe aliyetaka hayo mawili yasichanganywe leo.

Katika wanafunzi wake hakuna aliyempita Azza binti Musallam, ambaye wazee wake walitoka Pemba. Jumatano tarehe 17 Machi 1982, katika mashindano ya skuli yaliyofanyika Nizwa, Azza alitajwa wa kwanza kwa picha ya mtungi wa bibi yake, na kabla hajaishika zawadi mmoja wa waamuzi akasimama, akasema matone yale na kiza kile anavijua, ni vya Velázquez, na binti huyu ameiba. Azza aliapa kwamba jina hilo hajapata kulisikia, na alikuwa akisema kweli, akamgeukia mwalimu wake. Bi Turkiya, aliyekaa safu ya mbele, akainamisha uso, akashughulika na ncha ya mtandio wake mpaka zawadi akapewa mwengine.

Alikuwa na la kusema. Alijua kuwa wachoraji wamejifunza kwa Mspania yule kizazi baada ya kizazi, kwamba Goya alizinakili picha zake waziwazi, na kwamba Picasso, mwaka 1957, alichora makumi ya picha kutokana na moja tu ya zake, wala hakuna aliyewaita wezi, kwa sababu walimtaja. Azza alikuwa mwenzao. Aliyemnyima jina la kulitaja ni mwalimu wake.

Azza aliacha skuli mwaka ule ule, akaolewa Sinaw, hakushika brashi tena. Wenzake darasani waliendelea, mmoja wao, Kaltham, sasa anafundisha Sur, na wanafunzi wake nao wanachora kwa mwanga ule ule, na kila Bi Turkiya alipoalikwa kwenda kuzitazama kazi zao alirudi nyumbani hataki kula wala kusemeshwa.

Septemba 1986 alianza kuumwa figo, akatibiwa hapa na Nizwa, na Januari mwaka huu alimwita Azza ili amtake radhi. Azza alikuja, akambusu kichwani, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na Bi Turkiya akaishia kumuuliza habari za watoto. Mgeni alipotoka, alisema, "Hata leo nimemwacha peke yake, Badriya. Miye sina uso. Nikifa liseme wewe, mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko nilikonyamaza." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Februari 1988.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake waliokuja kutoka Sur na Nizwa. Ni desturi yetu kuuliza nani anamdai marehemu, na safari hii hatuna haja ya kuuliza. Azza, umekaa pale karibu na mlango, na kila aliyemo humu amesikia kwamba hukuiba. Tunakuomba radhi yako, na kama leo huna, tutakufuata Sinaw, mimi na Harub, tukuombe tena. Pumzika kwa amani, mama, hili tuachie sisi.