Wimbo wa Saa Kumi na Moja

Bi Yoshino alifumba macho ndani ya basi, maana mbele ya aliyelala watu huongea bila haya. Kwenye kiti cha mbele yake, Bwana Kurosaki, mstaafu wa posta, alikuwa akimpa bibi asiyemjua karatasi na kalamu.

"Weka sahihi hapa, mama. Tunataka manispaa iuzime ule wimbo wa vipaza sauti. Kila siku saa kumi na moja, watoto rudini nyumbani! Watoto wenyewe wamebaki sita mji mzima."

"Aliyeutunga unamjua?"

"Marehemu Higaki, mshairi wa watoto. Alikuwa mtu wa nyumbani sana, wanasema."

"Nyumba ipi? Mimi ndiye mkewe. Miaka arobaini aliwahimiza watoto wa watu warudi mapema, yeye akirudi saa nne usiku, ananuka pombe ya mchele."

Bwana Kurosaki aliinama kuomba radhi mpaka paji la uso likagonga kiti. Bi Yoshino alikohoa ili asicheke.

"Basi weka sahihi, mama! Una sababu kutuzidi sote."

Mjane aliigeuzageuza kalamu. "Ukiimbwa ndipo ninapowasha jiko. Mpaka leo napika wali wa watu wawili. Mkiuzima, nitajuaje saa ya kuanza kumkasirikia?"

Basi likasimama. Nje, vipaza sauti vikaanza kuimba.

"Maskini, nimechelewa!" Mjane akateremka mbio.

"Mama, kalamu yangu!"