Mteja Aliyesinzia Kwenye Kiti cha Kinyozi

Ndugu, jamaa na marafiki, historia hii imeandikwa na mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye ndiye anayesimama mbele yenu, naye anaomba mmvumilie, kwa sababu ameiandika mara nne na kila mara imemshinda mahali palepale.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo saa za wateja zililia kila moja kwa wakati wake. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1985, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1988, kisha akafundisha jiografia kwa miaka ishirini na saba. Tarehe 3 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2016, katika chumba kilicho juu ya karakana ya seremala, alianzisha mazoezi ya maigizo yasiyoandikwa, kwa vijana wenye usonji, wasiotulia kitini, na ambao maneno huwatoka kwa shida. Walimwita Bi Ongeza, kwa kuwa sheria zake zilikuwa mbili tu, mwenzako akikuletea jambo lipokee uongeze la kwako, na igizo haliishi kwa mtu mpaka yeye mwenyewe aguswe begani mara mbili. Mdogo wake alikwenda kutazama siku moja tu, kijana mmoja akamfungua kifua kama mlango akitafuta maziwa, naye akajibu kwamba yeye si friji, ni mpima ardhi, chumba kizima kikakwama, na dada yake akamcheka wakishuka mpaka ngazi ya mwisho, akimwambia, "Mjomba wewe, si ungewapa hata maji baridi!"

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021, akameza vidonge na kuendelea na Jumamosi zake. Tarehe 14 Juni 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiigiza mteja wa kinyozi, kichwa chake kiliinama ghafla, na kinyozi, binti wa miaka kumi na sita, akatangaza kwamba mteja amesinzia, akatwe nywele taratibu, mwingine akawa feni, mwingine akafukuza nzi, kwa dakika nne, mpaka msichana ambaye hapendi kabisa kugusa watu alipomgusa begani mara mbili, na hakuamka. Seremala alimpeleka hospitali, na saa kumi na dakika tano ikathibitishwa kuwa amefariki.

Mdogo wake alifoka, hilo halifichiki, akauliza ni watu gani wanaocheza mbele ya mtu anayekufa, na kinyozi akamjibu akitazama sakafu, "Alisema tusimkatalie mtu anachotuletea. Yeye alileta usingizi." Tangu siku hiyo mpima ardhi huyu analizungusha jibu hilo kichwani, na hajui aliweke wapi. Daktari amesema mshipa ulipasuka, na hata angekuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji asingepona, kwa hiyo familia inatamka mbele ya wote kwamba vijana hawa hawana kosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, seremala, majirani, na walimu wenzake. Inawashukuru vijana wa chumba cha juu. Kinyozi yuko mstari wa tatu, vidole viwili vya mkono wa kulia vingali mkasi, na mama yake anasema siku zote hizi anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyemwambia igizo limekwisha.

Mdogo wake bado haelewi, lakini akimaliza kusoma atashuka hadi mstari huo, kwa ruhusa ya binti mwenyewe, amguse begani mara mbili.

Dada, nywele zimekaa vizuri, inuka kitini, ukapumzike kwa amani.