Ukuta wa Jikoni wa Hylke Bouwstra

Hylke Bouwstra, baba yetu tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 11 Machi 1944 hapa Wijnaldum, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Douwe Bouwstra na Bi Antje. Alizaliwa katika kitanda cha kabatini, kile kilichojengwa ndani ya ukuta, mkabala na ukuta wa vigae vya zamani, na bibi yetu huyo alishikilia kwamba kitu cha kwanza alichokikodolea macho ni meli ya buluu iliyochorwa kwenye kigae kimojawapo. Mtoto wa siku moja haoni meli, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia bibi hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1950 hadi 1956, kisha shule ya ufundi Harlingen, alikomaliza mwaka 1960. Hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anatazama kuta kuliko ubao, na Baba aliitunza ripoti hiyo maisha yake yote kama watu wanavyotunza vyeti.

Mwaka huohuo wa 1960 aliingia kazini kwa fundi Ane Hoekema wa Harlingen, na mwaka 1968 akafungua karakana yake mwenyewe, aliyoiendesha hadi 2012. Alibandua vigae vilivyochorwa kwa mkono miaka mia mbili au mia tatu iliyopita kutoka nyumba za wakulima zilizokuwa zikibomolewa, akavipanga upya kwenye kuta za majiko, korido na sebule za watu wa pande hizi. Wengi wenu mliokaa hapa mnakunywa kahawa kila asubuhi mbele ya kazi yake. Sharti lake lilikuwa moja: chokaa na mchanga, basi. Chokaa hukiachia kigae kiondoke salama, saruji haikiachii. "Kigae kilikuwepo kabla yako," aliwaambia wanafunzi wake, "na lazima kiweze kutoka baada yako. Wewe ni mlinzi tu, usijione."

Kabla ya kuvipanga alivilowesha wiki kadhaa kwenye maji ya mvua ili vitoke chumvi, na mahali alipoviloweshea ni bafu letu. Jumamosi mimi na mdogo wangu Sjouke tulibeba taulo kwenda kuoga kwa shangazi Baukje. Mama alilalamika.

"Hylke, watoto wananuka."

"Watoto hawaharibiki, Tjitske. Vigae vinaharibika."

Kazi ikiisha, mwenye nyumba akiwa anafuta machozi, yeye alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande na kusema: "Siyo mbaya." Sifa kubwa kuliko hiyo haikuwahi kutoka kinywani mwake, na sisi Wafrisia, watu wa sifa chache, tunajua ilivyo nzito.

Tarehe 14 Mei 1969 alifunga ndoa na Tjitske Wiarda, binti wa mkulima wa Pingjum. Walijaliwa watoto wawili, mimi Gerbrich na Sjouke. Kabla ya harusi Baba alimpambia mama ukuta wa jikoni kwa vigae mia tatu na kumi na viwili, vyote vya watoto wakicheza: wanarusha vishada, wanasukuma magurudumu, wanasimama kwa vichwa. Mama alikuwa na desturi ya kuupigapiga ukuta ule kwa kiganja kila akipita, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Alifariki mwaka 2011.

Mwaka 2017 Baba alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia mikononi, na hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Mnamo Septemba 2023 alihamia nyumba ya kutunzia wazee, Franeker. Mimi na Sjouke tukaamua kuuza nyumba, tuubandue ukuta na kugawana vigae. Tulipomweleza Baba alisema tu, "Mtaona." Nilianza mwenyewe, kwa patasi yake na kwa namna aliyonifundisha. Kigae cha kwanza, cha mtoto na kishada, kilipasuka vipande vitatu. Nilivifunga kwenye kitambaa cha vyombo, nikaendesha gari hadi Franeker.

"Baba, hii ni saruji."

"Ndiyo."

"Wewe? Uliyemfukuza yule mwanafunzi Pier kazini kwa kijiko kimoja cha saruji?"

"Vilikuwa viwili."

Sikucheka. Nilikuwa nalia. Ndipo akanieleza. Mama alipokuwa na miaka tisa, babake aliuza ukuta wao wote wa vigae kwa mchuuzi. Mama alirudi kutoka shule akakuta miraba ya kijivu mahali palipokuwa na picha alizozizoea tangu azaliwe. Baba alipomposa, Mama alimpa sharti: amjengee ukuta ambao hakuna atakayeubeba.

"Nilijua ninachofanya," Baba alisema. "Ni kosa, Gerbrich, na ningelirudia."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Akaitazama mikono yake. "Niliona aibu. Fundi gani anasema hivyo mbele ya wanawe?"

Nilimpigia Sjouke simu palepale. Akasema, "Basi hatuuzi." Januari nilihama kutoka Leeuwarden nikarudi nyumbani, na tangu hapo mimi ndiye ninayeishi na ukuta ule.

Kigae cha kishada Baba alikiunga mwenyewe. Ilituchukua Jumamosi nne, yeye akigundisha, mimi nikimshika kifundo cha mkono. Tarehe 20 Aprili 2024 tulimleta nyumbani kwa kiti cha magurudumu, tukakirudisha mahali pake. Aliniamuru nikoroge chokaa.

"Hiki kimoja kiweze kutoka," alisema.

Alifariki kwa homa ya mapafu asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka themanini. Ameacha dada yake Baukje, watoto wawili, na wajukuu watatu: Femke, Ids na Marrit.

Jana nilipitisha kisu chembamba pembeni mwa kile kigae. Kilitoka chenyewe, mshono wake haukuachia hata kidogo. Najua angenigombeza kwamba cha zamani hakizikwi, lakini kiko kifuani mwake, chini ya mikono ambayo sasa imetulia. Tunamlaza kando ya Mama. Vile mia tatu na kumi na kimoja vingine havitaondoka, kama Mama alivyotaka. Hiki Baba anampelekea mwenyewe.

Pumzika, Baba. Tumerudi nyuma hatua mbili, tumekutazama. Siyo mbaya.