Buti la Mzee Alois

Basi lilikuwa likituteremsha kutoka mlimani baada ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji kutwa. Jirani yangu, mzee Alois, alikuwa akivuta buti lake la kutelezea alivue, mpaka uso ukamwiva. Plastiki ilikuwa imekakamaa kwa baridi, na mguu umekwama nusu ndani, nusu nje. “Lisubiri lipate joto, mzee wangu,” akasema bibi mmoja wa bonde la pili, aliyekwisha kufungua bizimu zake na kuchomoa miguu kama anayevua kandambili.

“Buti lisilobana ni la watalii, bibie. Mimi Mtiroli, mzawa wa milima hii!”

“Hata mimi Mtiroli, na kucha zangu ninazo zote kumi.”

Sisi wengine tukajitia kutazama theluji. Basi likasimama. “Mwisho wa safari!” dereva akaita.

Alois, mguu bado umekwama butini, akaketi wima, kifua mbele. “Mimi nashuka kituo kinachofuata.”